Tumbo Kubwa, Mwili Mdogo: Utatuzi wa Matatizo ya Mimba na Ukuaji kwa Gapi, Moli, Plati na Swoditeli

Maswali yanayorudi kila mara kuhusu gapi, moli, plati na swoditeli, samaki wadogo wa tangi la nyumbani wanaozaa watoto hai, ni mawili. La kwanza: mbona tumbo limejaa wiki nyingi na hazai? La pili: mbona vifaranga wana miezi miwili na bado ni kama punje za mchele? Madukani jibu la haraka huwa ni dawa. Lakini kesi nyingi za aina hii huisha kwa kupima maji na kuhesabu siku, chupa ya dawa ikiwa bado haijafunguliwa. Mwongozo huu unakwenda kwa dalili: tafuta unachokiona kwenye tangi lako, kisha fuata sababu kuanzia inayotokea mara nyingi.

Pima kwanza

Joto lipimwe mara mbili, alfajiri na saa nane mchana, kwa sababu tofauti kati ya vipimo hivyo inaeleza mengi kuliko kipimo kimoja. Samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe sifuri. Nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita kwa wakubwa, na kwa vifaranga isizidi 20. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7 na 8.2.

Halafu kuna ugumu wa maji, kipimo ambacho wengi hukiruka. Samaki hawa asili yao ni Amerika ya Kati, Meksiko na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na karibu wote hupenda maji yenye madini, moli zaidi ya wenzake. Usipokuwa na kifaa, angalia birika la nyumbani. Likiwa na magamba meupe ndani, maji yako ni magumu, na hapo uko salama. Likiwa safi miaka nenda rudi, na sabuni inatoa povu mara moja, maji ni laini. Visima vya mwambao na Zanzibar, vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa kawaida hutoa maji magumu. Maji ya mvua na maji ya bomba yatokayo milimani, kama mengi ya Nairobi, huwa laini.

Vipimo vya kulinganishia, kwa samaki mzima kwenye joto la nyuzi 25 au 26:

Gapi: jike sm 5 hadi 6, dume sm 3 hadi 3.5. Huzaa kila siku 22 hadi 30.
Plati: jike sm 6, dume sm 4. Siku 24 hadi 35.
Swoditeli: jike sm 10 hadi 12, dume sm 8 hadi 10 bila kuhesabu upanga. Siku 26 hadi 35.
Moli: jike sm 8 hadi 12, dume sm 6 hadi 8. Siku 28 hadi 45.

Tumbo limejaa, siku zinapita, hazai

Hesabu ndiyo hukosewa mara nyingi zaidi. Siku huanza kuhesabiwa tangu uzazi uliopita, wala si tangu ulipomnunua au ulipoliona tumbo. Jike aliyetoka dukani hana tarehe. Mpe siku 35 akiwa gapi, plati au swoditeli, na 45 akiwa moli, ndipo uanze kushuku. Kuhama tangi peke yake humchelewesha siku kadhaa.

Baridi ndiyo sababu ya pili. Tangi lisilo na hita Nairobi, Arusha, Iringa au Mbeya kati ya Juni na Agosti hushuka hadi nyuzi 18 au 19 usiku. Mimba ya gapi kwenye nyuzi 20 inaweza kupita siku 35, na jike mwenyewe hujikunja mapezi na kukaa chini. Weka hita ya wati 1 kwa kila lita. Ongeza joto nyuzi 1 kwa siku, usiruke nyuzi tano kwa usiku mmoja, maana hapo utapata vifaranga ambao hawajaiva. Umeme ukikatika usiku wa baridi, funika tangi kwa blanketi pande zote na uache uwazi mdogo juu.

Sasa mtazame jike mwenyewe. Zima taa ya tangi, washa tochi ya simu, uielekeze kutoka upande wa nyuma ili mwanga upite mwilini mwake. Mtafute doa la mimba, lile giza la pembe tatu lililo nyuma ya tumbo, karibu na tundu la haja. Kwa gapi wa rangi hafifu, siku chache kabla ya kuzaa utaona nukta nyeusi zimepangana mle ndani kama mbegu za papai: hayo ni macho ya vifaranga. Ukimtazama kutoka juu, jike mwenye mimba amepanuka pande zote mbili kwa usawa. Ukimtazama ubavuni siku za mwisho, tumbo limepata kona, limekuwa kama kiboksi. Hujitenga, huganda karibu na hita au kwenye majani, na wengi hukataa chakula. Kwa moli mweusi usihangaike kutafuta doa, halionekani; tegemea umbo na hesabu.

Doa lenyewe, hata hivyo, halithibitishi mimba. Jike bikira hujaa mayai na huwa na doa lilelile, na anaweza kukaa hivyo miezi. Ukiwa na majike watupu waliokua pamoja tangu utotoni bila dume, hiyo ndiyo maana yake.

Kuna pia moli wa baluni, ambao hufugwa wakiwa na uti wa mgongo uliofupishwa kwa makusudi. Tumbo lao ni la mviringo wakiwa na mimba au hawana, na hata dume analo. Tazama pezi lililo nyuma ya tundu la haja: la jike limekunjuka kama kipepeo cha kupepea moto, la dume limekuwa kijiti chembamba kinachoelekea nyuma. Wanunuzi wengi wamesubiri "mimba" ya dume la baluni kwa miezi.

Boksi la plastiki la kuzalia nalo huchelewesha uzazi. Jike aliyefungiwa humo siku tano au saba huhaha, hujigonga, huacha kula, na huzuia vifaranga au huwatoa wakiwa hawajakomaa. Kwa maoni yetu boksi ni la vifaranga, mama hahitaji kuwekwa humo. Kama lazima umtenge, mhamishe kwa kikombe badala ya wavu, kwenye tangi la lita 20 lenye maji yaleyale na majani mengi, na umrudishe saa chache baada ya kumaliza kuzaa.

Tumbo lisilo la mimba lina sura zake. La kuvimbiwa limejaa zaidi kwa mbele, chini ya kifua, na mavi ni uzi mrefu mweupe au hayatoki kabisa. Mnyime chakula siku mbili. Siku ya tatu chemsha njegere dakika mbili, menya ganda, umpe kipande kisichozidi ukubwa wa jicho lake. Ikishindikana, mtenge kwenye maji yenye chumvi ya haluli, yaani magnesiamu salfeti: kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa kwa lita 20, siku tatu hadi tano. Isichanganywe na chumvi ya mezani. Kazi zao ni tofauti.

Tumbo la ugonjwa wa kujaa maji hukua kwa siku chache tu, na ukimtazama kutoka juu magamba yamesimama kama ngozi ya nanasi. Hapo figo zimekwisha shindwa, na wengi hawaponi hata kwa dawa ya bakteria. Mtenge, mpe maji safi yenye joto thabiti na chumvi ya haluli kwa kipimo kilekile. Asipopata nafuu kwa wiki moja, kumpumzisha, yaani kumuua bila mateso, ni huruma.

Jike aliyepita miaka miwili huwa na tumbo zito na hazai tena au huzaa watano sita. Huyo ni mzee, mwache ale.

Hakuna dume, lakini anazaa

Hii si kasoro. Jike hutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, gapi hata miezi minane, na kupandwa mara moja kunatosha kwa uzazi mara nyingi mfululizo. Jike yeyote aliyeishi dukani na madume mhesabu kuwa amepandwa tayari. Ndiyo maana ukitaka kuchagua baba wa vifaranga, ni lazima uwatenge majike wakiwa wadogo, kama ilivyoelezwa mbele.

Tumbo limepungua ghafla, vifaranga hawaonekani

Wameliwa. Mama mwenyewe hushiriki. Kabla ya kukata tamaa, chunguza chini ya filta na katikati ya majani kwa tochi. Mara nyingi kuna watatu wanne wamejibanza. Kwa uzazi ujao ziba mdomo wa filta kwa sponji, na ujaze angalau theluthi moja ya tangi kwa majani laini yanayoelea. Yale yanayoitwa seratofilamu, yenye majani kama mkia wa mbweha, ndiyo bora, na humea yenyewe kwenye mabwawa na maziwa yetu.

Ukiyachuma ziwani au bwawani, kumbuka kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hung'ang'ania kwenye majani hayo, na konokono aliyeambukizwa anaweza kuendelea kutoa vimelea ndani ya tangi lako. Usiingize mikono mitupu kwenye ndoo uliyochotea. Mwaga maji ya ziwa, suuza majani mara kadhaa, toa kila konokono na mayai yake yanayofanana na ute, kisha uyaweke kwenye ndoo ya maji safi wiki mbili ukiendelea kukagua. Gugumaji usilichukue kabisa.

Vifaranga wafu, wenye kiini tumboni, au vidonge vya njano chini

Vidonge vya njano au vyeupe ni mayai ambayo hayakurutubishwa au mimba iliyoharibika. Kifaranga mwenye mfuko wa njano tumboni amezaliwa kabla ya wakati. Sababu karibu zote ni mshtuko wa siku mbili tatu kabla: kukimbizwa kwa wavu, safari kwenye mfuko, kubadilishwa maji mengi yenye joto tofauti, au dume anayemwandama bila kupumzika. Kwa hilo la mwisho, weka majike wawili au watatu kwa kila dume.

Wenye kiini wanaweza kuokolewa. Wahamishie kwenye chombo kipana chenye maji ya kina cha sm 8 hadi 10, nyuzi 26, hewa ikibubujika polepole kabisa. Usiwape chakula hadi kiini kiishe, siku moja hadi tatu. Wanaotambaa kwa tumbo chini bila kuinuka baada ya siku tano hawatainuka.

Anahangaika kuzaa, au anakufa baada ya kuzaa

Uzazi wa kawaida huchukua saa mbili hadi sita, na wengine hugawa kwa siku mbili. Ukiona mkia wa kifaranga umechungulia kwa zaidi ya nusu saa, au jike amekaza misuli siku nzima bila kutoa, badilisha robo ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini yenye joto lilelile au pungufu kwa nyuzi 1, punguza mwanga, funika mbele ya tangi kwa gazeti. Usimbinye tumbo. Kumbinya hupasua viungo vya ndani na kuua mama na watoto pamoja.

Nyama ya waridi ikitokeza kwenye tundu baada ya kuzaa, maji safi na gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa lita vinatosha. Mara nyingi hurudi yenyewe kwa siku moja au mbili. Ikigeuka kijivu au ikaota kitu kama pamba, imeingia maambukizi.

Vifo vya baada ya kuzaa vikijirudia kwa majike tofauti, acha kuwatazama majike, pima amonia. Hapa kuna mtego wa maji magumu. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 na nyuzi 30, joto la kawaida Dar es Salaam mwezi wa Februari, huzidi asilimia 7. Kipimo kilekile cha rangi kwenye karatasi, sumu zaidi ya mara kumi. Joto hilo pia hupunguza hewa ndani ya maji, na jike mzito ndiye wa kwanza kupanda juu kuhema. Ongeza jiwe la hewa, elekeza feni juu ya maji, lisha kidogo wakati wa joto kali.

Maji ya kubadilishia yakae wazi saa 24 ili klorini itoke. Lakini kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, kuyaanika hakusaidii. Tumia matone ya kuondoa klorini yaliyoandikwa kuwa yanafaa kwa kloramini pia.

Vifaranga hawakui

Kipime kwanza hicho "hawakui". Weka vifaranga watano kwenye bakuli la kioo lenye maji ya sm 3, chini yake utandaze karatasi ya grafu, piga picha kutoka juu, hesabu miraba. Rudia kila wiki. Gapi huzaliwa na mm 6 hadi 7, moli na swoditeli mm 8 hadi 10. Gapi anayelishwa vizuri hufika mm 12 hadi 15 akiwa na wiki nne, karibu sm 2 kwenye wiki ya nane, na sm 2.5 hadi 3 kwenye wiki ya 12. Kama walio nyuma ni wawili katika 30, hao ni vibeti wa kuzaliwa. Kama ni wote, kasoro iko kwenye tangi.

Chakula ndicho cha kwanza kuchunguzwa. Tumbo la kifaranga ni dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, na kulishwa asubuhi na jioni tu ni kumshindisha njaa. Mpe mara nne hadi tano kwa siku, kiasi kinachoisha kwa dakika mbili, na mwanga uwake saa 12 hadi 14 kwa sababu gizani hali. Dakika kumi baada ya kula, tumbo linapaswa kuonekana limetuna kama punje ya mtama. Likiwa bapa, chakula ni kikubwa kuliko mdomo wake au kinaelea asikokifikia. Badala ya vikopo vya bei, tafuta unga wa kuanzia wa vifaranga wa sato au kambale, wenye protini asilimia 40 au zaidi, unaouzwa kwa kilo kwenye maduka ya pembejeo. Usage kwenye kinu cha viungo hadi uwe vumbi. Kiini cha yai la kuchemsha kinakubalika siku za shida, kiasi cha kichwa cha pini, lakini huchafua maji kwa saa chache.

Kinachowakuza kuliko vyote ni artemia, kamba wadogo mno wa maji ya chumvi, waliototolewa siku hiyohiyo. Kata kitako cha chupa ya soda ya lita 1.5, igeuze mdomo chini kizibo kikiwa kimefungwa. Tia lita 1 ya maji, gramu 25 hadi 30 za chumvi ya mawe, na nusu kijiko cha chai cha mayai ya artemia. Peleka mrija wa hewa hadi chini kabisa, hewa ichemke kwa nguvu, joto liwe nyuzi 27 au 28. Baada ya saa 24 zima hewa, subiri dakika kumi. Maganda ya kahawia yataelea juu, artemia wa rangi ya chungwa watashuka. Weka tochi chini wakusanyike, wavute kwa mrija mwembamba, wachuje kwa kitambaa, wasuuze kwa maji baridi, uwape vifaranga. Tumbo la kifaranga hugeuka chungwa mbele ya macho yako. Maganda yasiingie, huziba utumbo.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne unaweza kutumia viluwiluwi wadogo wa mbu kutoka ndoo ya maji ya mvua. Chakula bora, tena cha bure, ila mwaga ndoo nzima kila siku ya tatu. Kwenye joto mbu huruka ndani ya wiki moja, na majirani hawatajali hobi yako.

Kulisha mara tano huchafua, na hapo ndipo sababu ya pili inapozaliwa. Wapo wanaosema samaki hukua kulingana na tangi, kana kwamba ana rula kichwani. Kinachomdumaza ni uchafu unaojikusanya kwenye maji machache, na huyo aliyedumaa haishi maisha yake kamili. Badilisha robo ya maji kila siku, au asilimia 40 mara tatu kwa wiki, ukivuta mabaki chini kwa mrija wa hewa. Filta iwe ya sponji. Za kunyonya huwameza. Nafasi: lita 1 kwa kifaranga mwezi wa kwanza, kisha lita 2 hadi 3. Vifaranga 60 kwenye ndoo ya lita 20 hawatakua, hata uwape nini.

Joto la nyuzi 26 linatosha. Wapo wanaopandisha hadi 29 au 30 ili wakue upesi, na kweli hukua upesi, lakini huzeeka upesi vilevile.

Sababu ya nne hupita bila kuonekana: wanapata mimba utotoni. Gapi dume huweza kupanda akiwa na wiki saba hivi. Jike wa sm 2 akipandwa, chakula ambacho kingejenga mwili kinakwenda kwenye mayai, na anabaki mdogo na uzazi wa watano sita. Watenganishe wiki ya nne au ya tano. Wakamate mmoja mmoja kwenye kikombe cheupe, tazama doa na lile pezi. Ambaye pezi lake limeanza kuchongoka ni dume. Mwenye doa na pezi la kipepeo ni jike. Usiye na uhakika naye, mweke na madume.

Mwisho kuna damu. Gapi waliochanganyika na wa Endler, jamaa wao wa mwili mdogo, hubaki na madume wa sm 2.5, wala hakuna chakula kitakachobadilisha hilo. Ndugu kwa ndugu vizazi vingi nao hudhoofisha. Ingiza dume wa nje kila baada ya vizazi vitatu au vinne.

Waliokwisha kudumaa wanarekebishika? Majike, kwa kiasi. Jike haachi kukua, kwa hiyo akipata maji na chakula vizuri ataongeza sentimita. Dume ukuaji wake karibu husimama kijiti kile kinapokamilika. Aliyekomaa na sm 2 atabaki hapohapo.

Swoditeli: dume mdogo mno, au "jike" aliyeota upanga

Haya ni maswali mawili yenye jibu moja. Kuna madume wa swoditeli wanaokomaa mapema, miezi mitatu au minne, wakabaki wadogo, na kuna wanaochelewa hadi karibu mwaka, wakiwa wakubwa kama majike. Ni urithi, na uwepo wa dume mbabe tangini huwachelewesha wengine zaidi. Yule "jike aliyegeuka" karibu kila mara ni dume wa kuchelewa. Jike mzee huweza kuota dalili za kiume kweli, lakini hawi baba wa mtu. Ukitaka kizazi kikubwa, usizalishe na dume wa kwanza kuota upanga. Subiri wale wa mwisho. Wafugaji wengi hufanya kinyume kwa pupa, ndiyo maana swoditeli wa madukani wanazidi kupungua ukubwa.

Tumbo limevimba lakini mgongo umekonda

Anakula na kukonda. Mtazame akiwa ametulia, kwa nyuma, karibu na kioo. Nyuzi nyekundu mbili tatu zinazochungulia kwenye tundu la haja na kurudi ndani akishtuka ni minyoo ya Camallanus, na samaki hawa ndio wateja wake wakubwa. Wanaua majike wenye mimba kwanza, na huwafanya vifaranga waonekane wamedumaa. Tibu tangi zima, maana kwa kuwa mmoja ameonekana, wengine wanao.

Dawa ni levamisole, miligramu 2 kwa lita, ipatikanayo kwenye maduka ya dawa za mifugo. Soma lebo kwa makini: nyingi zimechanganywa na oksiklozanide kwa ajili ya minyoo ya ini ya ng'ombe, na hizo si salama kwa samaki. Tangi la sm 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63 likiwa tupu. Ukitoa changarawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 50. Hapo unahitaji miligramu 100. Dawa iliyoandikwa miligramu 15 kwa mililita, ni ml 6.7, pima kwa bomba la sindano. Toa kaboni (mkaa wa kuchujia) kwenye filta, zima taa kwa sababu mwanga huvunja dawa, ongeza hewa. Baada ya saa 24 vuta chini ya changarawe kwa mrija, kwani minyoo hupooza na kuanguka lakini haifi yote, na badilisha nusu ya maji au zaidi. Rudia baada ya wiki tatu. Bila hiyo mara ya pili, umefanya kazi bure.

Moli anatetemeka mahali pamoja

Anayumba kama anayeogelea lakini haendi popote, mapezi yamebana. Kwa moli, fikiria maji laini au baridi kabla ya ugonjwa. Weka kwenye filta mfuko wa soksi wenye konzi mbili za makombe yaliyopondwa, yale ya chakula cha kuku, au vipande vya mawe ya matumbawe, vikiwa vimeoshwa hadi maji yatoke maangavu. Huyeyuka polepole, na kadiri pH inavyopanda ndivyo yanavyoacha kuyeyuka, kwa hiyo hayazidishi. Chokaa ya kupakia ukuta usithubutu: hupandisha pH kwa dakika na kuua wote. Ongeza chumvi ya kawaida gramu 2 hadi 3 kwa lita, ikigawanywa kwa siku tatu, kama hakuna kambale wala mimea laini mle ndani. Nafuu huonekana ndani ya siku tatu au nne.

Mgongo umepinda

Kifaranga aliyezaliwa hivyo ni wa kuzaliwa, asizalishwe. Jike mzee aliyezaa sana hupinda kidogo, si neno. Lakini wakubwa wawili watatu wakipinda kwa zamu, wakikonda na kuwa na vidonda visivyopona, shuku kifua kikuu cha samaki. Hakina tiba ya maana kwenye tangi, na bakteria wake huingia kwa binadamu kupitia mchubuko mkononi na kuleta uvimbe unaokaa miezi. Vaa glavu, usivute maji kwa mdomo ukianzisha mrija, usigawie mtu samaki, majani wala filta ya tangi hilo. Ukipata kidonda cha namna hiyo, mweleze daktari kuwa unafuga samaki, maana bila kuambiwa si rahisi akifikirie. Samaki waliokufa wafukie, na maji ya tangi yamwage chooni, yasifike mtoni.